Lam na Ra katika Miji ya Mlima Kenya

Twaingia katika jambo linalochekesha wengi na kuumiza wachache, nalo ni namna ndugu zetu wa Nyeri, Karatina, Murang'a na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya wanavyokitamka Kiingereza, na jinsi matamshi hayo yanavyogeuka mbele ya macho yetu.

Msomaji wa Mombasa au Malindi atauliza, ya bara yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Vijana wetu wanasoma Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri, na wengine wako Karatina, Chuka na Meru. Mabinti wa huko wamesilimu, wameolewa pwani, na leo ndio mama wa wajukuu zetu. Na ukifika Majengo ya Nyeri au ya Nanyuki, au Mjini kule Murang'a, utawakuta Waislamu ambao wazee wao walipanda na misafara kutoka pwani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakiwa wachuuzi, wapagazi na askari, wakaoa huko na kuzikwa huko. Hao si wageni kwetu.

Vijana wa mjini wana neno lao la jambo hili: kushrabu. Mtu akikusudia "play", yaani kucheza, ulimi ukatoa "pray", yaani kuswali, wenzake husema ameshrabu. Akitaka bilauri ya maji, "glass", akasikika anataka majani, "grass", ameshrabu tena. Mchele kwa Kiingereza ni "rice" na chawa ni "lice", na hapo vicheko havina mwisho. (Mwanachuoni wa Kiarabu akilisikia neno kushrabu mara ya kwanza atadhani pana mtu aliyekunywa kitu, kwani shariba ni kunywa, na ndiko tulikoipata sharubati yetu.)

Sasa tuitazame sababu, maana wengi hucheka bila ya kuijua. Kikuyu hakina lam. Kina ra nyepesi tu, ambayo ncha ya ulimi huigusa mara moja juu ya ufizi na kuondoka. Mtoto aliyelelewa kwa lugha hiyo husikia lam na ra kuwa ni sauti moja, kama vile wengi wetu tusivyosikia tofauti ya "ship" na "sheep" mpaka tufundishwe. Tena d ya Kikuyu haisimami peke yake, huongozana na n ikawa nd. Na j vivyo hivyo huwa nj. Ndiyo maana daktari akawa ndagitari, na binti yetu Jamila akipelekwa kwa bibi yake Othaya huenda akarudi akiitwa Njamira. Nayo g yao haigongi kama ya Mzungu, bali hutoka kooni kwa ulaini, karibu sana na ghain. Maandishi yao ya th husomwa kama dhal, na msomaji akitaka kuhakikisha amsikilize mwenyeji akiutaja mji wa Thika. Sauti hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya sin katika maneno waliyoyapokea kwetu: sabuni ikawa thabuni, saa ikawa thaa, simu ikawa thimu. Hiyo c yao kuna wanaoitamka kama shin na kuna wanaoitamka kama sin, kwa kutegemea mahali, na hapo ndipo "chicken" ya Kiingereza, yaani kuku, hupoteza ch yake ikasikika "shicken". Yote haya ni kanuni zilizopangika, na mwenye kuzijua aweza kubashiri jinsi neno geni litakavyotamkwa kabla hajalisikia.

Na kabla ya mtu wa pwani kujiona bora, na atazame yaliyotokea kwetu. Sisi twasema mlima, wao husema kĩrĩma. Sisi twalima, wao hurima. Ni neno moja lenye asili moja ya Kibantu. Lakini chukua neno njia. Mkikuyu husema njĩra, na jirani yetu Mgiriama husema njira. Wao wameihifadhi harufi ya katikati katika sura ya ra. Sisi Waswahili tumeimeza kabisa, haikubaki lam wala ra. Kaa, kwa maana ya kuketi, kwa Kikuyu ni ikara, na hapo tena harufi yetu imekwenda. Wazee wa Lamu wakaendelea mbele zaidi, wakasema mbee badala ya mbele. Ikiwa kuibadili lam ni kushrabu, kuila kabisa tuiite nini? Waganda nao hutumia ra baada ya sauti za e na i, na lam kwingineko, wala hawaoni haya. Na Wajapani, pamoja na viwanda vyao vyote, huhangaika na lam na ra za Kiingereza kama wanavyohangaika watu wa Karatina.

Turudi kwenye hayo mabadiliko. Kizazi cha mababu katika nchi ya Nyeri kilikipata Kiingereza kwa wamishenari. Tumutumu, karibu na Karatina, palikuwa na Waskoti, na kwingineko walikuwako Waitalia wa Consolata, walioingia nchi ya Wakikuyu mwaka 1902. Waskoti ni watu wa ra nzito hata katika Kiingereza chao wenyewe, na Waitalia Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa hiyo hata mwalimu wa kwanza hakuwa na lafudhi ya London. Baadaye wakaja walimu wenyeji, nao wakafundisha kwa ulimi walio nao. Kulikuwa na adhabu pia. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, ameeleza jinsi watoto wa zamani zake walivyochapwa au kuvishwa kibao cha chuma shingoni kwa kosa la kukutwa wakisema Kikuyu shuleni. Mtoto alifungwa katikati: lugha ya mama yake ni kosa, na lugha ya shule akiitamka kwa ulimi wa mama yake ni kichekesho.

Kizazi cha leo ni kingine. Katika mji wa Nyeri na katika Nanyuki, ambako Mkikuyu, Mmeru, Msomali, Mturkana na Mmasai wanauziana katika soko moja, watoto wengi huanza na Kiswahili na Kiingereza, na Kikuyu hukisikia kwa bibi wakati wa likizo. Lam na ra hawazichanganyi. Kinachotokea ni kinyume chake: bibi ndiye huwacheka wao, kwa kuwa wanakitamka Kikuyu kama wageni, na zile sauti saba za irabu za lugha hiyo wanazifanya tano kama za Kiswahili. Tumewasikia wazee wa huko wakilalamika kwamba wajukuu hawajui kusalimia. Sera ya elimu tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 yataka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mahali alipo, lakini mzazi wa mjini anayelipa karo ya shule binafsi hataki kusikia hayo, anataka Kiingereza tangu chekechea.

Juu ya hayo pamezuka lafudhi ya redio na ya simu za mkononi, ambayo vijana huiita kutwenga, yaani kuiga matamshi ya Kimarekani. Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, maana pana ajabu. Mmarekani akitamka "water", maji, ile t ya katikati haitoki kama t. Ulimi wake hugusa ufizi mara moja na kuondoka, na sikio la Mswahili husikia "wara". "Better" husikika "bera". Sauti hiyo, wataalamu wa matamshi wanatwambia, ndiyo hasa ile ra ya Kikuyu! Basi bibi wa Mathira akiweka ra mahali pa lam, mjukuu humcheka. Na mjukuu huyo huyo akiweka ra ile ile mahali pa t, watu husema amesoma, na huenda akapewa kazi ya kutangaza redioni. Ra ni moja. Kilichotofautiana ni nani anayeimiliki.

Waingereza nao wana yao. Nanyuki kuna kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza, na askari wengi huja wakiwa vijana wa mitaani kwao. Msikilize mmoja wao akiomba maji: t ameiacha, na mahali pake ameweka hamza iliyo safi kabisa, "wo'a". Wengine husema "fink" badala ya "think". Hakuna mtu wa Nanyuki anayemwambia askari huyo kwamba hajui Kiingereza.

Hata Malkia wao hakusalimika. Nyeri wanaijua vizuri habari ya Binti Elizabeth, aliyekuwa Treetops, ile hoteli ya juu ya mti katika msitu wa Aberdare, usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, baba yake Mfalme George wa Sita alipofariki. Alipanda mtini akiwa binti wa mfalme, na alipoteremka ufalme ulikuwa umeshamwangukia. Hoteli yenyewe ilichomwa moto mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, ikajengwa nyingine. Miaka mingi baadaye, Jonathan Harrington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walizipima kwa mitambo hotuba zake za Krismasi, za miaka ya 1950 na za miaka ya 1980, na mwaka 2000 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Walikuta irabu zake zimesogea kuelekea matamshi ya raia wake walio wadogo kwa umri na kwa daraja. Kile kilichoitwa Kiingereza cha Malkia, Malkia mwenyewe alikiacha polepole bila ya kujua. Sasa mwalimu wa Nyeri anayemchapa mtoto ili aseme kama Malkia, amchapie irabu za mwaka gani?

Tumesema kwamba jambo hili huumiza wachache, na si haki tuwapite. Tunamjua mke wa ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa kaunti ya Nyeri, aliyesilimu kwa moyo safi na kuingia katika nyumba ya pwani yenye mawifi wengi. Mara ya kwanza aliposoma Fatiha kwa sauti mbele yao, ra ilipanda pahala pa lam katika lillahi, na mawifi wakaangua kicheko. Hawakukusudia ubaya, kwa maneno yao. Lakini kwa miaka miwili baada ya hapo mwanamke yule hakusoma Qur'ani mtu yeyote akimsikia, na watoto wake wakafundishwa sura fupi na jirani, si na mama yao. Kicheko cha dakika moja kilimnyang'anya mama chuo chake cha nyumbani. Katika Sura ya Hujurat wanawake wametajwa peke yao baada ya wanaume katika katazo la kudharauliana, kwa kuwa huenda anayechekwa ni mbora kuliko anayecheka, na wenye tafsiri wamelizungumza hilo kwa urefu.

Dhihaka pia haimsahihishi mtu. Aliyechekwa kwa kukosa lam huitafuta kwa hofu, kisha huiweka kila mahali, hata pale penye ra ya haki, na ndipo unaposikia "Nailobi" na "Bwana Lashidi". Hapo makosa yamekuwa mawili.

Kwa kina mama wenye watoto wachanga, ambao ndoa zao zimeunganisha pwani na mlima, pana elimu yenye manufaa. Mtaalamu Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa watoto wa Kijapani na wa Kimarekani. Wakiwa na miezi 6 hadi 8, watoto wa pande zote mbili walizitambua lam na ra za Kiingereza sawasawa. Walipofika miezi 10 hadi 12, Wamarekani walikuwa wameongezeka na Wajapani wamepungua. Maana yake, hakuna mtoto anayezaliwa na sikio la Kikuyu au la Kiswahili. Sikio hujengwa na yale linayoyasikia, tena kabla ya mwaka mmoja. Uchunguzi wake mwingine, wa mwaka 2003, uliwahusu watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina. Waliosemeshwa na mtu aliyekaa nao uso kwa uso, kwa vikao 12, walizishika sauti za lugha hiyo. Waliowekewa runinga au sauti tupu hawakushika kitu. Mama anayemwachia mtoto mchanga simu ili apate lafudhi nzuri amempa kitu kisichofanya kazi hiyo. Amsemeshe kwa lugha anayoijua, naye baba amsemeshe kwa yake, na bibi wa Nyeri akija aachwe aimbe kwa Kikuyu. Mtoto ana nafasi ya zote.

Watu wazima nao hawajafungiwa mlango, ila wao huhitaji mazoezi. Hapa elimu yetu ya tajwid inawapita walimu wengi wa Kiingereza. Lam, nun na ra zote hutoka kwenye ncha ya ulimi na pembeni mwake, na zikaitwa kwa jina moja, harufi za dhalaqiya. Al-Farra', mwanachuoni wa sarufi, hata alizihesabu kuwa na makhraj moja. Basi kuzichanganya si ajabu ya Wakikuyu, ni ujirani wa sauti zenyewe. Njia tunayoipenda ni hii: mwanafunzi aegemeze ulimi juu ya ufizi wa meno ya mbele na kuuacha hapo, pumzi ipite pembeni, aivute lam kwa muda mrefu kama anayepigia mtoto bembea, "alll". Ra ya Kikuyu haiwezi kuvutwa hivyo, kwa kuwa ulimi wake hugusa na kukimbia. Akishaihisi tofauti hiyo mdomoni mwake, ndipo apewe lillahi, kisha Rabbi, polepole, moja baada ya nyingine. Tumewaona walioipata kwa wiki chache. Na lam hiyo hiyo ikishakaa katika Qur'ani, katika Kiingereza huja yenyewe.

Wengi wakifika hapa hutaja kisa cha Bilal, Mungu amridhie, kwamba alikuwa akisema sin badala ya shin katika adhana. Tunawaomba wakiache. Ibn Kathir amesema kisa hicho hakina asili, na Bilal alichaguliwa kwa uzuri wa sauti yake. Tunacho kisa kilicho thabiti zaidi, cha Wasil bin Ata wa Basra, aliyefariki mwaka 748 kwa hesabu ya miladi. Itikadi yake ya Kimuutazila hatuikubali, lakini ufasaha wake haukatazwi kutajwa. Hakuweza kuitamka ra. Al-Jahiz ametusimulia kwamba mtu huyu alikuwa akihutubu mbele ya watu bila ya kulitumia neno lolote lenye harufi hiyo. Ngano kwa Kiarabu huitwa burr, yeye akisema qamh. Msikilizaji asiyejua hakutambua kama kuna kitu kimeepukwa. Na aliye juu kuliko wote hao ni Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliyemwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na kwa hilo hakupungukiwa na utume.

Limebaki swali ambalo kina mama wa Nyeri hutuletea mara kwa mara, nalo ndilo lililotufanya tuandike: je, swala ya mwenye kuibadili lam katika Fatiha yasihi? Katika madhehebu yetu ya Shafii jibu limewekwa wazi na Imam Nawawi katika Minhaj. Aliye na uwezo wa kujifunza na akapuuza, huyo ana la kujibu, na ni wajibu wake atafute mwalimu. Aliyejitahidi na ulimi ukamkatalia, swala yake ni sahihi, na katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba mwenye kuisoma Qur'ani kwa taabu ana ujira mara mbili. Ama uimamu, asimswalishe yule anayeisoma Fatiha sawasawa. Lakini mama asiyeipata lam, akiwaswalisha nyumbani binti zake au jirani zake ambao nao hawaipati lam hiyo hiyo, swala yao wote imesihi, na wala hawahitaji kungojea mtu ashuke kutoka Mombasa.